Assen 1955: Geoff Duke hakuporwa taji, na walioumia si yeye

Tangu kampuni ya Kimarekani ya Liberty Media, ile ile inayomiliki Formula 1, ikamilishe ununuzi wa Dorna, waendeshaji wa mashindano ya dunia ya pikipiki ya MotoGP, mwezi Julai 2025, mashabiki wa mbio hizo wamekuwa wakizozana juu ya jambo moja: nani atawasemea waendeshaji? Habari za kuweka kiwango cha chini cha mshahara zimeandikwa sana. Malalamiko ya zamani nayo yamefufuka, hasa lile la mbio fupi za Jumamosi zilizoanza mwaka 2023, ambazo zilitangazwa Austria Agosti 2022 na waendeshaji wengi wakasema waliletewa jambo lililokwisha kuamuliwa. Katika kila mzozo wa namna hii lazima atokee mtu amtaje Geoff Duke. Hadithi yenyewe husimuliwa hivi: zamani bingwa wa dunia aliwaunga mkono wenzake maskini waliogoma, shirikisho likamfungia miezi sita, akapoteza taji lake. Kisha huja lawama, kwamba mastaa wa leo ni mamilionea waoga, laiti wangekuwa na moyo wa Duke.

Simpunguzii Duke heshima hata chembe. Ila hadithi hii imekosewa mahali pawili, na makosa hayo ndiyo yanayoupotosha mjadala wa leo. Kwanza, kifungo hakikumpora Duke taji la 1956. Hesabu za pointi za mwaka ule zinakataa. Pili, bei kubwa ya mgomo ule haikulipwa na bingwa. Ililipwa na watu ambao majina yao hayatajwi kabisa katika masimulizi hayo. Mgomo huo wa Assen, Uholanzi, haukukosa moyo wa ujasiri. Ulikosa chombo cha kuulinda ujasiri ule baada ya watazamaji kurudi makwao.

Turudi nyuma kidogo, kwa sababu bila kujua Duke alikuwa nani mwaka 1955 huwezi kuelewa kwa nini sauti yake ilikuwa na uzito. Alizaliwa St Helens, Lancashire, mwaka 1923. Wakati wa vita alikuwa jeshini katika kikosi cha mawasiliano, akiendesha pikipiki za kupeleka barua na amri, na baadaye akawa mmoja wa askari wa kikundi cha maonyesho ya pikipiki. Mwaka 1949 alishinda mbio mbili katika Kisiwa cha Man, moja ya madereva wa vilabu na nyingine ya Manx Grand Prix. Mwaka uliofuata kiwanda cha Kiingereza cha Norton kilimkabidhi pikipiki yao mpya yenye fremu iliyobuniwa na Rex McCandless wa Belfast, na akashinda TT, mbio kubwa za kisiwa hicho. Ubingwa wa dunia wa cc 500 wa 1950 ulimponyoka kwa pointi moja tu, 28 za Umberto Masetti dhidi ya 27 zake, baada ya matairi kumwangusha katikati ya msimu. Mwaka 1951 akatwaa mataji mawili kwa mpigo, la cc 350 na la cc 500, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya kabla yake. Mwaka 1952 akaongeza lile la cc 350. Ni yeye pia aliyekwenda kwa fundi cherehani wa mjini kwao, Frank Barker, akashonewa suti ya ngozi ya kipande kimoja inayobana mwili ili upepo usipate pa kushika. Waliomcheka wakati ule wote walikuja kuivaa.

Kisha akafanya jambo ambalo Waingereza wengi hawakulipenda. Norton waliendelea kung'ang'ania injini ya silinda moja, na Gilera kule Arcore, Italia, walikuwa na ya silinda nne. Mwaka 1953 Duke akahamia kwa Waitaliano. Palikuwa na manung'uniko kuhusu uzalendo, lakini matokeo yaliwanyamazisha wengi: bingwa wa cc 500 mwaka 1953, 1954 na 1955. Katika TT ya 1955 wapima muda walitangaza kwamba amekuwa mtu wa kwanza kuuzunguka mzunguko ule wa kilomita 60 kwa wastani wa maili 100 kwa saa, kisha wakajisahihisha: 99.97. Basi wiki chache baadaye, alipofika Uholanzi mwezi Julai, alikuwa kileleni kabisa. Alikuwa analipwa na kiwanda. Pikipiki, mafundi, matairi na usafiri havikuwa shida yake.

Wengi wa waliosimama naye kwenye mstari wa kuanzia hawakuwa na hata kimoja katika hivyo. Hawa walikuwa madereva wa kujitegemea: Waustralia, watu wa New Zealand, Waingereza, Waayalandi, waliozunguka Ulaya majira yote ya joto na magari ya mizigo yaliyobeba Norton au AJS za kununua kwa fedha zao, wakilala humo humo na kujitengenezea injini usiku. Zawadi za ushindi hawakuzitegemea, kwa maana Norton ya silinda moja isingeifikia Gilera ya silinda nne mpaka ile ya pili iharibike. Waliishi kwa malipo ya kushiriki, yaani fedha ambazo mwandaaji humpa dereva ili ajitokeze tu. Malipo hayo yalipatanwa mtu mmoja mmoja, kwa barua, na kila mmoja alifichwa mwenzake anapata nini. Wanariadha wetu wa marathoni wanaujua mtindo huu vizuri. La ajabu ni kwamba mbio za ubingwa wa dunia mara nyingi zililipa kidogo kuliko mbio za kawaida za vimji vya Ufaransa au Skandinavia. Mwandaaji wa Grand Prix alijua una hamu ya pointi na jina, kwa hiyo alikulipa kwa heshima. Lakini heshima hainunui petroli.

Assen ya 1955 ndipo mambo yalipofikia ukingoni. Waholanzi walikuwa wamejenga mzunguko mpya mwaka huo huo, mfupi wa kilomita 7.7 badala ya ule mrefu wa barabara za vijijini, na watazamaji walikuwa wamefurika makumi kwa maelfu. Mapato ya mlangoni yalionekana kwa macho. Katika mbio za cc 350 madereva wa kujitegemea wapatao kumi na wawili walianza, wakazunguka mara moja taratibu, kisha wakaingia kando na kuzima injini. Mzunguko mmoja ulitosha kusema wameanza. Ilipokaribia zamu ya cc 500, mbio zenyewe ambazo umma ulikuwa umezifuata, tishio likawa kwamba yale yale yatarudiwa, na safari hii Duke na mwenzake wa Gilera, Reg Armstrong wa Ayalandi, walisimama waziwazi upande wa wagomaji. Waandaaji wakakubali kuongeza malipo. Mbio zikafanyika. Duke akawa wa kwanza, Armstrong wa pili.

Laiti hadithi ingeishia hapo ingekuwa tamu. Mwisho wa mwaka shirikisho la kimataifa, FIM, likatoa hukumu: Duke, Armstrong na wengine zaidi ya kumi wafungiwe kwa miezi sita ya kwanza ya 1956. Uamuzi ulikuja wakati hakuna mbio, hakuna watazamaji, hakuna mwandaaji mwenye kiherehere cha kurudisha viingilio. Hakuna aliyekuwa na cha kugomea.

Hapa ndipo panapokuja dai la kwanza, kwamba kifungo kile kilimkosesha Duke taji la nne mfululizo. Limerudiwa mara nyingi hata watu hawalikagui tena. Tulikague. Ubingwa wa cc 500 wa 1956 ulikuwa na raundi sita, na mshindi wa kila raundi alipata pointi 8. Kifungo kilimnyima Duke raundi mbili, TT na Assen. Zote mbili zilichukuliwa na kijana John Surtees wa MV Agusta, aliyefika pointi 16. Zilibaki raundi nne, pointi 32. Huko Spa, Ubelgiji, mapema Julai, Duke alirudi na alikuwa akiongoza pale injini ya Gilera ilipomfia. Surtees akashinda tena, akawa na 24. Kisha katika Solitude, Ujerumani, Surtees akaanguka na kuvunjika mkono, msimu wake ukaishia hapo na zile zile 24. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Injini ile ingestahimili Spa, Surtees asingezidi 22 na Duke angehitaji ushindi mwingine mara mbili tu. Aliupata mmoja, Monza, na pointi zile 8 ndizo pekee alizovuna mwaka mzima. Kwa hiyo kifungo kilimfinya, kilimharibia maandalizi, pengine kilimnyima mwendo. Sikatai. Lakini kilichomnyima taji ni pikipiki isiyomaliza mbio, jambo ambalo lingeweza kumpata bila kosa wala adhabu yoyote.

Kwa nini nashikilia hesabu ndogo kama hii? Kwa sababu dai la taji lililoporwa ndilo linaloubeba usimulizi mzima. Likitoka, Duke anabaki alivyokuwa hasa: mtu mwenye mshahara wa kiwanda aliyechukua hatari ambayo angeweza kuimudu. Miezi sita bila mbio kwake ilikuwa fedheha na kero. Kwa Mwaustralia aliyeuza vitu vyake ili apate nauli ya meli ya kuja Ulaya, miezi sita ilijumuisha majira ya kuchipua yote na mwanzo wa kiangazi, yaani nusu ya kipindi chake cha kuchuma kwa mwaka. Jack Ahearn alikuwa miongoni mwao. Keith Campbell naye. FIM ilitoa adhabu iliyoonekana sawa kwa wote, na usawa huo ndio uliokuwa dhuluma yake, kwa sababu walioadhibiwa hawakuwa sawa. Sheria inayomkata tajiri na maskini kidole kimoja kimoja hutetewa kwa urahisi, mpaka uulize nani anashona kwa mkono.

Haki lazima itendeke kwa upande wa pili pia. Hoja ya FIM haikuwa ya kipuuzi. Dereva alikuwa ametia saini fomu ya kushiriki akijua kiasi alichopatana. Mtazamaji alikuwa amelipa kiingilio aone mbio, si aone watu wakizima injini baada ya mzunguko mmoja. Kama kila kundi lisiloridhika lingeweza kupandisha bei dakika chache kabla ya bendera kushuka, hakuna mwandaaji ambaye angethubutu kuandaa chochote. Tukumbuke pia ulikuwa mwaka gani. Mwezi mmoja kabla ya Assen, tarehe 11 Juni, gari liliruka ndani ya watazamaji Le Mans na kuua watu zaidi ya 80; mbio zikafutwa huku na huko Ulaya na Uswisi ikazipiga marufuku moja kwa moja. Sina shaka kwamba viongozi wa michezo ya injini walikuwa wakiona serikali zinawakodolea macho, na katika hali hiyo utovu wa nidhamu ulionekana hatari kuliko kawaida. Hayo yote nayapokea. Nisichokipokea ni kwamba shirikisho lile lile lililoona umuhimu wa mkataba baada ya mgomo halikuona umuhimu wa kuuangalia mkataba huo kabla yake. Mkataba anaoupatana mtu mmoja gizani na mwandaaji mwenye uwanja uliojaa si mapatano ya watu wawili walio sawa.

Kuna hoja nyingine, dhaifu zaidi, na ya kusikitisha ni kwamba ndiyo inayosikika mpaka leo: kwamba madereva wale walikuwa watu wa kujifurahisha, hakuna aliyewalazimisha, na watazamaji walikuja kumwona Duke, hawakuja kumwona mtu wa nafasi ya kumi na nne. Hoja hii haikuhitaji kujibiwa na mtu, kwa sababu miaka miwili baadaye ilijibiwa na viwanda vyenyewe. Mwishoni mwa 1957 Gilera, Moto Guzzi na Mondial walitangaza kwa pamoja kujitoa katika mbio; gharama zilikuwa zimepanda na soko la pikipiki limeshuka kwa kuwa Waitaliano walianza kumudu magari madogo. MV Agusta ikabaki karibu peke yake kileleni. Nani waliojaza mstari wa kuanzia mwaka 1958, 1959 na 1960? Ni wale wale watu wa Norton na AJS za kununua. Bila wao Grand Prix ya cc 500 ingekuwa maonyesho ya pikipiki mbili nyekundu zikifukuzana. Mtu wa nafasi ya kumi na nne ndiye aliyekuwa mbio.

Na Duke mwenyewe alijikuta miongoni mwao. Baada ya Gilera kuondoka alijaribu BMW bila mafanikio makubwa, kisha akarudi kwenye Norton kama dereva wa kawaida. Mwaka 1958 huko Hedemora, Sweden, alishinda mbio zote mbili, cc 350 na cc 500. Baadaye kidogo akaacha mashindano. Mwaka 1963 aliwashawishi Gilera wazitoe ghalani pikipiki zile zile za 1957, akaunda timu yake na kuwapa John Hartle, Derek Minter na Phil Read. Hartle aliipatia ushindi Assen, mahali pale pale. Sijui kama yupo kati ya viongozi waliokuwapo siku ile aliyekumbuka.

Sasa tulete haya kwenye mjadala wa leo. Wanaosema kinachokosekana ni staa jasiri wanasoma historia nusu. Mwaka 1974 mastaa waligomea Grand Prix ya Ujerumani Nürburgring kwa sababu ya usalama, karibu wote. Mbio ziliendelea. Za cc 500 zilishindaniwa na Wajerumani wachache wenyeji, mmoja wao, Edmund Czihak, akaandikwa kwenye vitabu kuwa mshindi, na pointi zikahesabiwa. Mwaka 1979 wakaigomea Spa iliyokuwa imewekwa lami mpya inayoteleza kama sabuni. FIM ikawaandama Kenny Roberts na Virginio Ferrari kwa adhabu, ingawa baadaye ililegeza. Ujasiri haukukosekana hata mara moja katika matukio haya. Kilichobadilisha mizani kilikuja mwisho wa 1979, pale Roberts na wenzake walipotangaza mpango wa kuanzisha mfululizo wao wa mbio nje ya FIM. Mpango haukufika popote. Hakuna hata mbio moja iliyofanyika. Hata hivyo shirikisho likaongeza zawadi za fedha na kuanza kusikiliza, kwa maana kwa mara ya kwanza liliona watu wenye mahali pengine pa kwenda.

Tofauti hiyo ndiyo ninayotaka wasomaji wa MotoGP waipime. Nguvu ya Assen ilikuwa ya saa moja: ilidumu kadiri watazamaji walivyokuwa wameketi. Nguvu ya FIM ilikuwa ya mwaka mzima, kwa sababu leseni ilikuwa mkononi mwake, na dereva asiye na leseni hakimbii popote. Leo waendeshaji ni 22, timu zina chama chao tangu 1986, viwanda vina chao, mmiliki wa haki za biashara ni kampuni kubwa ya Marekani, na waendeshaji bado hukutana na wakubwa Ijumaa jioni kuzungumzia kokoto na kingo za njia. Kiwango cha chini cha mshahara kikija kitakuwa jambo jema, lakini kikija kama zawadi ya mwenye mali, kitaondoka siku mwenye mali akibadili mawazo. Ndiyo maana naona ni kosa kumsubiri Marc Márquez fulani ajitoe mhanga. Bingwa ana la kupoteza lakini pia ana akiba. Swali la maana ni nini kinampata mwendeshaji wa nafasi ya kumi na nane, mwenye mkataba wa mwaka mmoja, Januari inayofuata, kamera zikiwa zimezimwa. Mkataba wa pamoja unaosema dereva haadhibiwi kwa kusema ungemlinda huyo kuliko hotuba kumi za bingwa.

Wapo watakaosema nalinganisha visivyolingana, kwamba mtu anayelipwa mamia ya maelfu ya euro hawezi kufananishwa na kijana aliyelala ndani ya gari la mizigo mwaka 1955. Kwa fedha, kweli hawalingani. Kwa mkataba, wanalingana kuliko tunavyopenda kukiri: bado kila mmoja anapatana peke yake, bado bei ya mwenzake ni siri, na bado kuna vijana wengi chini, katika Moto2 na Moto3, wanaosubiri kiti kiachwe wazi, baadhi yao wakiwa wamelipia viti vyao wenyewe kwa fedha za wafadhili.

Keith Campbell alikimaliza kifungo chake Juni 1956. Moto Guzzi walimchukua, na mwaka 1957 akawa bingwa wa dunia wa cc 350, Mwaustralia wa kwanza kupata taji la dunia katika pikipiki. Kiwanda kikajitoa mwisho wa mwaka huo huo. Bingwa wa dunia akarudi kwenye Norton zake na kwenye barua za kupatana na waandaaji, mbio kwa mbio. Julai 1958 alikuwa Cadours, mji mdogo karibu na Toulouse, katika mashindano yasiyo na pointi hata moja ya ubingwa. Alifia hapo.